Mkono wa mdogo wangu

Simu iliingia saa tano na nusu usiku, wiki ya pili ya Desemba. Nilikuwa nimetoka zamu ya mchana, miguu imo ndani ya beseni la maji ya moto, chai ya tangawizi mkononi. Mdogo wangu hapigi simu saa hizo ila kwa pesa au msiba. Safari hii alianza kwa kuzunguka. Kazi vipi, baridi vipi, mama umeongea naye lini. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya:

"Eti dada, mtu akiumwa hapa chini ya kidole gumba, kwenye kifundo cha mkono, ni kitu cha kupaka dawa tu, siyo?"

Nilitoa miguu kwenye maji.

"Umeanguka?"

"Niliteleza kidogo."

"Ukatanguliza kiganja?"

"Sasa dada, mtu akianguka hutanguliza nini?"

Wauguzi wa wodi ya mifupa tunalijua swali hilo na tunaliogopa. Nilimwambia anyooshe kidole gumba juu, kama mtu anayesimamisha matatu, atazame pale kano mbili zinapojitokeza na kuacha kibonde katikati. Bonyeza hapo kwa kidole cha mkono wa pili. Kukawa kimya, kisha nikasikia pumzi yake ikikatika.

"Kesho asubuhi uende hospitali," nikamwambia.

"Kesho nina shoo mbili."

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wana ndugu anayeosha vyombo, anayelea wazee, anayeendesha teksi au aliye chuoni. Mimi ndugu yangu husimama kwa mikono. Ni mwanasarakasi. Hupanga viti sita, kimoja juu ya kingine, hupanda mpaka juu kabisa, kisha hunyanyua miguu na kusimama kwa mikono miwili, halafu mmoja. Huo mmoja ndio uliokuwa unauma.

Alianza akiwa na miaka tisa pwani ya Bamburi, kwenye gurudumu kuukuu la trekta lililofukiwa nusu mchangani. Vijana wakubwa walikuwa wakija mbio, wanalikanyaga, linawarusha, wanapinduka hewani na kutua. Mchanga ndio ulikuwa godoro lao. Alipofika kidato cha tatu alikuwa tayari anatoka na kundi jioni kwenye mahoteli ya watalii: piramidi ya watu, kuruka ndani ya pete, kupita chini ya fimbo inayowaka moto. Mama yetu hakupenda hata siku moja. Kwake kazi ni ile ambayo mtu huivalia sare au hukaa mezani. Mimi nilikuwa nasomea stashahada ya uuguzi, na wageni wakija nyumbani nilikuwa naitwa nije kusalimia. Yeye alikuwa anaambiwa aende dukani.

Niliseme na hili, kwa kuwa bila hili hamtaelewa mengine. Nilipotaka kuja Uingereza nilitakiwa kufanya mtihani wa Kiingereza, na ada yake baba hakuwa nayo. Iliyolipa ni hoteli. Mdogo wangu, miaka ishirini, aliniletea noti zimekunjwa ndani ya soksi, akasema, "Viti vimesema usome." Shahada niliyoisomea hapa baadaye nayo imeanzia kwenye soksi hiyo.

Wengi wetu hudhani sarakasi za pwani zimezuka mchangani zenyewe. Zina historia. Pete za kurukia na viti vya kupangwa vina asili ya China. Miaka ya 1960 serikali ya Tanzania ilipeleka vijana China kusomea sarakasi, na waliporudi wakaunda kundi la taifa. Baadaye fani hiyo ikafundishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981. Vijana wakafundisha vijana, ufundi ukavuka mpaka bila pasipoti, ukafika Mombasa na Nairobi. Nairobi leo kuna Sarakasi Trust pale Ngara, ndani ya jengo lililokuwa sinema ya Shan. Mdogo wangu alipita huko miezi kadhaa, na ndiko alikofundishwa kwa mara ya kwanza kupasha mwili moto kabla ya kazi. Mchangani hakuna aliyekuwa na muda wa hayo.

Hapa Uingereza nako wana yao. Sarakasi ya uwanja wa duara, kama dunia inavyoijua, imeanzia London mwaka 1768, pale askari wa farasi aliyestaafu, Philip Astley, alipoanza kuonyesha ufundi wa kusimama juu ya farasi anayekimbia. Aligundua kwamba farasi akizunguka duara, ule mvuto wa kuzunguka humsaidia mpandaji asianguke. Duara lililozoeleka tangu wakati huo lina upana wa futi 42, karibu mita 13. Na kabla hamjadhani haya yote ni ya wazungu peke yao, mmoja wa wamiliki wa sarakasi waliotamba sana Uingereza karne iliyofuata alikuwa mtu mweusi mzaliwa wa Norwich, Pablo Fanque, aliyefariki 1871. Mdogo wangu alipomsoma aliweka picha yake kwenye simu, ikawa ndiyo ya kwanza kuonekana akiiwasha. Mama akauliza ni shehe wa wapi.

Lakini kazi aliyokuwa nayo Desemba ile haikuwa ya hema wala duara. Ilikuwa ya ukumbi wa maonyesho, na hapo ndipo watu wengi hawaelewi tofauti, mimi nikiwa mmoja wao kabla ya kuambiwa.

Kila msimu wa Krismasi karibu kila mji wa Uingereza una pantomimu. Jina lisiwapoteze, si igizo la kimya. Ni mchezo wa kuchekesha wa familia, wenye nyimbo, hadithi kama Aladin, mwanamume aliyevaa kama bibi mnene, na watoto ukumbini wanaopiga kelele kumwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma yake. Huanza mwishoni mwa Novemba au mapema Desemba na kuishia Januari. Makundi ya wanasarakasi kutoka Kenya na Tanzania hukodiwa mara kwa mara kuingia katikati ya hadithi: soko la Aladin linahitaji watu wa kupinduka. Ni kazi yenye malipo ya kila wiki, chini ya paa, wakati hema za kiangazi zimeshafungwa. Lakini ni maonyesho mawili kwa siku, mara nyingi 12 kwa wiki. Mwili hauna Jumapili ya kutosha.

Na jukwaa lenyewe ni somo jingine. Kwenye duara watazamaji wamekuzunguka, kwa hiyo huna mgongo. Popote ugeukapo unaonekana. Kwenye ukumbi wote wako upande mmoja, na piramidi iliyojengwa vibaya huonyesha watu makalio. Kwenye hema una nafasi ya kukimbia kabla ya kuruka. Kwenye ukumbi pembeni kuna mapazia, kamba, meza za vifaa, na mwanamke aliyevaa gauni pana kama meli anayesubiri zamu yake. Unapata hatua tatu, basi. Taa zinakupiga usoni. Mtu anayesimama kwa mikono hutafuta alama moja ya kutazama, doa sakafuni, ili asiyumbe. Taa zikibadilika rangi ghafla doa linapotea. Kisha giza la ghafla kati ya onyesho na onyesho, ambapo unatakiwa ujue njia yako kwa vipande vidogo vya utepe unaong'aa vilivyobandikwa chini.

Halafu mteremko. Kumbi nyingi za zamani za nchi hii zina jukwaa lililoinama kuelekea watazamaji, ili wa nyuma wapate kuona. Mtu anayetembea hata hatambui. Ila panga viti sita juu ya mteremko huo, hata kama mafundi wamekutengenezea kibao cha kusawazisha, halafu ondoa mkono mmoja. Mdogo wangu aliniambia wiki ya kwanza ya mazoezi mwili wake ulikuwa unabishana naye: macho yanasema huku ni chini, masikio yanasema kule. Kuteleza kwake kulitokea hapo, kwenye kupinduka kwa mwisho, jambo alilolifanya maelfu ya mara mchangani.

Kuna adabu za ukumbi ambazo alinisimulia akicheka. Huruhusiwi kupiga mluzi nyuma ya jukwaa. Wanasema zamani waliovuta kamba za mapazia walikuwa mabaharia na waliamrishana kwa miluzi, kwa hiyo ukipiga mluzi ovyo unaweza kuangushiwa mandhari kichwani. Dakika 35 kabla ya kuanza sauti hutangaza "nusu", yaani nusu saa ya mwisho, na ukiwa hujafika unatafutwa. Na wakitaka kukutakia heri wanakwambia uvunje mguu. Nilimwambia hiyo isemwe mbele yangu na mtu atanisikia.

Basi akakataa kwenda hospitali. Sababu alizonipa usiku ule zilikuwa tatu, na ninaziandika kwa sababu najua ndugu zetu wengi wanaishi nazo. Kwanza, kiongozi wa kundi amesema mtu asiyepanda halipwi. Pili, akienda hospitali ataletewa bili ya maelfu, ashindwe kulipa, anyimwe viza tena. Tatu, mama anasubiri pesa ya kupiga slabu. Ukuta wa nyumba ya Kisauni ulikuwa umesimama tangu Agosti, vyuma vimetokeza juu vinapata kutu, fundi anapiga simu kila Ijumaa.

Hiyo ya pili ilinitoa machozi ya hasira. Nilimuuliza viza yake ni ya muda gani. Miezi 11, ya wasanii. Mtu anayeomba viza ya zaidi ya miezi sita akiwa nje ya Uingereza hulipishwa ada ya afya pamoja na maombi. Tangu Februari 2024 ada ya kawaida kwa mtu mzima ni pauni 1,035 kwa mwaka. Ukishailipa unatibiwa na huduma ya taifa kama mkazi. Nilimwambia atafute barua pepe za viza. Akachukua muda. Kisha akanisomea risiti, neno kwa neno. Ilikuwa imelipwa kabla hajapanda ndege, na imekatwa kwenye malipo yake ya kwanza chini ya neno "makaratasi". Kijana alikuwa anatembea na mkono uliovunjika akiogopa bili ambayo ameshailipa.

Na hata asingelipa: kuonwa kwenye idara ya dharura hapa hakutozwi mtu yeyote, awe na viza au hana. Kulazwa na matibabu yanayofuata ndiyo yanayoweza kutozwa. Waambieni waliokuja kwa ziara fupi.

Hata hivyo hakwenda. Alifunga mkono bendeji, akameza vidonge, akapanda viti Jumatano na Alhamisi. Ijumaa nikabadilishana zamu na mwenzangu Mfilipino, nikapanda basi la saa moja asubuhi kwenda kaskazini.

Lazima niwaambie kwamba kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu kidogo kuijua kazi yake. Mwaka mmoja uliopita nilijiandikisha darasa la jioni la wanaoanza kabisa, kwenye kituo cha taifa cha sanaa za sarakasi kilichoko Hoxton, London. Jengo lake lilikuwa kituo cha umeme kilichofunguliwa miaka ya 1890, kikichoma takataka za mtaa kupata umeme, na juu ya mlango bado yapo maneno ya Kilatini yanayosema kwamba kutoka kwenye vumbi hutoka mwanga na nguvu. Niliyapenda. Ndani ni paa refu, bembea za angani, vitambaa vinaning'inia, watu wamejipaka unga mweupe wa kukausha jasho viganjani. Mimi na miaka yangu thelathini na kitu niliweza kukaa kwenye bembea iliyokuwa usawa wa kifua changu. Kesho yake sikuweza kumwinua mgonjwa.

Lakini niliona wanavyofundisha. Kusimama kwa mikono huanzia ukutani, tumbo likitazama ukuta, na kabla ya hapo dakika nyingi za vifundo peke yake: kupiga magoti, kuegemea viganja, kuzungusha, kurudisha nyuma. Mkufunzi alisema mkono haukuumbwa kuwa mguu, kwa hiyo lazima uombwe kwa adabu. Wanaosoma muda wote hufanya hayo kila siku, kisha nguvu, unyumbufu, kupinduka, dansi, uigizaji, namna ya kufunga na kukagua kamba, hata namna ya kuandika ankara na kujilipia kodi, kwa sababu wengi watakuwa wamejiajiri wenyewe. Na kupumzika kuko kwenye ratiba. Hilo ndilo lililonigusa, kwamba mtu amekaa akaliandika. Nilimsimulia mdogo wangu, akacheka, "Sisi tulipumzika maji yakijaa."

Nilifika mjini saa sita na nusu, nikanunua tiketi ya onyesho la mchana, nikakaa katikati ya watoto wa shule wenye peremende. Sikumwambia nimekuja.

Soko la Aladin likafunguka. Walitoka mbio watu saba, ngozi zetu zinang'aa chini ya taa za dhahabu, na watoto wakapiga mayowe ya furaha. Piramidi, kamba za kuruka, pete. Kisha viti. Nilimwona akipanga cha kwanza, cha pili, na kila akiegemea mkono wa kushoto nilikuwa naona bega linapanda kidogo kuelekea sikio. Ni mwili kukwepa maumivu. Nauona kila siku wodini. Watazamaji waliona kijana anatabasamu. Kiti cha sita. Akanyanyua miguu. Akatulia. Kisha akahamisha uzito, na nikajua ni mkono upi atakaoubakiza, kwa sababu tangu utotoni ni uleule, wa kushoto.

Sikupiga makofi. Mtoto wa pembeni aliniangalia kama mtu asiye na adabu.

Nilimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mkono umo ndani ya ndoo ya barafu. Aliponiona hakushangaa. Alisema tu, "Umekuja kunikamata." Nikamwambia nimekuja kumsindikiza. Kiongozi wa kundi akaanza maneno ya hasara na mkataba. Nikamwomba mkataba niusome. Ulikuwa wa kurasa nne, na kwenye ukurasa wa tatu paliandikwa kwamba msanii aliyeumia kazini atalipwa wiki mbili na atapewa kazi nyepesi ikiwezekana. Mdogo wangu alikuwa ametia sahihi bila kuufikia ukurasa wa tatu. Kiongozi naye nadhani hakuwahi kuufikia. Jina lake sitaji, na si mtu mbaya, ni mtu aliyelelewa mchangani kama wengine. Meneja wa jukwaa, mama mmoja mwenye funguo nyingi kiunoni, aliingia, akautazama mkono, akasema jioni hakuna viti. Akaandika kwenye daftari la ajali siku, saa na namna. Karatasi hiyo ilitusaidia baadaye kuliko maneno yangu yote.

Kwenye idara ya dharura tulikaa saa nne. Eksirei haikuonyesha kitu. Mdogo wangu akanitazama kwa jicho la ushindi, na hapa niwaeleze kitu kimoja cha kitabibu, mnivumilie.

Ndani ya kifundo kuna kifupa kidogo ambacho madaktari hukiita skafoidi, jina la Kigiriki lenye maana ya mtumbwi, kwa vile kimepinda hivyo. Ukiangukia kiganja, ndicho kinachobeba. Ufa wake mara nyingine hauonekani kwenye eksirei ya siku za mwanzo; unaweza kujitokeza baada ya siku 10 hadi 14, au kwenye kipimo cha MRI. Na kifupa hiki kina tabia mbaya: damu yake huingilia upande mmoja, ule wa mbali, na kurudi nyuma. Kikikatika katikati, kipande cha pili kinaweza kukosa damu na kufa. Mtu huona maumivu yamepungua, anaendelea na kazi, na baada ya mwaka kifundo hakikunjiki tena. Kwa karani ni usumbufu. Kwa mtu anayesimama kwa mikono ni mwisho.

Ndiyo maana daktari kijana aliyekuwa zamu, Mungu ambariki, alibonyeza kile kibonde, akamwona anavyoruka, akamfunga kifaa cha kushika gumba na kifundo ingawa picha ilikuwa safi, akampa miadi. Siku ya kumi na mbili kipimo kikaonyesha ufa. Vipande havikuwa vimeachana. Plasta, wiki nane kwanza, kisha watazame tena. Mtaalamu wa mikono alimuuliza kama aliendelea na kazi baada ya kuanguka. Akajibu siku tatu. Yule bwana hakusema neno, alifunga faili tu.

Yaliyofuata ukumbini sikuyatarajia. Yule mama wa funguo aliongea na mwongozaji, wakampa kazi nyepesi: muuza mazulia sokoni, mkono umefunikwa na zulia lililokunjwa. Alitakiwa apite mara tatu, akimkimbia askari, na aseme sentensi mbili. Wiki ya mwisho sentensi zilikuwa tano, na watoto walikuwa wanamwita kwa jina la uzushi walilompa wenyewe. Alinipigia akasema, "Dada, kumbe unaweza kuwachekesha ukiwa umesimama kwa miguu." Tangu siku hiyo amekuwa akiniuliza habari za shule, si za mchangani, shule zile zinazochanganya sarakasi na uigizaji: ya Bristol, Circomedia, yenye ukumbi ndani ya kanisa la zamani, ya Montreal iliyoanzishwa 1981, miaka mitatu kabla ya Cirque du Soleil, ya Châlons, Ufaransa, ya 1985.

Nimemjibu kwa ukweli wangu. Ada ya mwanafunzi wa kigeni ni kubwa, viza ya masomo inadai kuonyesha pesa benki, na usaili haukubali kifundo kibovu. Nimemwambia pia awaulize Equity, chama cha wasanii cha hapa kilichoanzishwa 1930, ambacho huwapokea na watu wa sarakasi, kabla hajatia sahihi mkataba mwingine wowote. Kama ningekuwa na pesa yote ningelipa kesho. Sina yote. Nina soksi yangu, ninaijaza.

Aliyebaki alikuwa mama. Tulikuwa tumemficha. Tulipomwambia, mimi nikiwa mbele na yeye nyuma yangu kama alivyokuwa akijificha utotoni, mama alinyamaza hata tukadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza ni mkono gani. Wa kushoto, tukasema.

"Ule anaosimamia?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kwenda hotelini kumtazama hata mara moja. Sikujua kwamba anajua.

"Slabu isubiri," akasema. "Vyuma vikila kutu tutanunua vingine."

Mdogo wangu alirudi nyumbani Februari viza ilipoisha, plasta ikiwa imetolewa siku sita kabla. Mfupa umeshika. Mtaalamu wa viungo alimpa mazoezi ya miezi, na mimi nikamwongezea masharti yangu: asipande kiti mpaka niseme. Anaanzia ukutani, tumbo likitazama ukuta, kama wanafunzi wa Hoxton. Ukuta ni ule wa nyumba isiyo na slabu.

Jumapili iliyopita walinipigia kwa video baada ya alasiri. Mama ndiye aliyeshika simu, na mama na simu mnajua ilivyo: kwanza niliona sikio, kisha anga, kisha paka. Halafu nikamwona, viganja viko kwenye saruji, vidole vimetanuka, miguu imenyooka juu mpaka karibu na vile vyuma. Mama anahesabu kwa sauti. Alipofika kumi na tisa akasimama kuhesabu, akalalamika kwamba mtoto hamwoni uso vizuri, akaipindua simu kichwa chini ili anionyeshe. Ikawa yeye amesimama wima, na nyumba, paka na mama wote wamening'inia.

"Ishirini na nane," mama akasema, baada ya kukumbuka. "Ishirini na tisa. Shuka sasa, chai inapoa."